Jinsi ya Kusimamisha Sanamu za Wanafunzi kwenye Kiwanja Kidogo cha Ndege

Kabla mwanafunzi hajachora mstari wa kwanza, mpeleke kiwanjani. Penseli aiache shuleni, achukue futi kamba. Mimi nafundisha sanaa katika sekondari moja huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na michoro mingi mizuri nimeiona ikifia mezani kwa meneja wa kiwanja kwa sababu ilitungwa darasani, mbali na mahali ilipokusudiwa. Mtoto amechora tai wa chuma, mbawa wazi, vipande vya kioo kwenye manyoya, kimo mita nne, taa mbili chini zikimulika juu. Tai huyo ana sababu za kutosha kukataliwa na watu watatu tofauti, na kila mmoja wao atakuwa na haki.

Mwanafunzi akizijua sababu hizo mapema, yale makatazo yanageuka kuwa kazi yenyewe. Sisemi hivi kumfariji mtu. Kitu kizuri kuliko vyote tulivyowahi kusimamisha ni mgono, ule mtego wa samaki, uliosukwa kwa nondo nyembamba, mrefu kuliko mtu. Ulipata umbo lake kwa sababu afisa wa usalama alikataa kitu chochote chenye uvungu usioonekana ndani. Mchoro wa kwanza ulikuwa chungu.

Nazungumzia viwanja vya kadiri ya Arua, Gulu, Soroti au Kasese. Entebbe, kile kikubwa cha kimataifa, ni habari nyingine. Kwenye kiwanja kidogo meneja unamfikia kwa miguu, ndege nyingi ni za parapela kama Cessna Caravan, na wasindikizaji huwa wengi kuliko wasafiri. Anapanda mtu mmoja, ukoo mzima umekuja na boda kumuaga. Hao waliobaki nje ya mlango ndio watazamaji wako.

Mahali

Kiwanja chochote cha ndege kina pande mbili. Upande wa ndege ni njia ya kurukia, maegesho ya ndege na nyasi za pembeni, vyote ndani ya uzio. Upande wa watu ni maegesho ya magari, barabara ya kuingilia na bustani ya mbele ya jengo. Omba upande wa watu, wala usiuguse ule mwingine hata kwa mzaha, hata kama zile nyasi zinakutamanisha na abiria wangeiona sanamu dirishani. Tarehe 25 Julai 2000, Concorde ya Air France ikiruka kutoka Paris ilikanyaga utepe mwembamba wa titani uliodondoka kutoka ndege iliyotangulia. Tairi likapasuka, tangi la mafuta likatoboka, watu 113 wakafa. Kwa hiyo meneja anapotazama mchoro wa mwanafunzi wako, haangalii sanamu. Anatafuta nati itakayolegea.

Upande wa watu nao una sehemu za kudanganya. Kila mtu hukimbilia ule mzunguko wa maua mbele ya lango kwa sababu unatoka vizuri kwenye picha. Lakini pale hasimami mtu. Magari yanapita, boda zinapita, sanamu inaonwa kwa jicho la pembeni basi. Nenda asubuhi ya siku yenye ndege, ukae, uangalie watu wanatua wapi. Kwetu ni chini ya mwembe kando ya maegesho, ambako akina mama hutandika leso na watoto huanza kusumbua ndege ikichelewa. Sanamu ikiwekwa pale itatazamwa saa nzima, itazungukwa, itashikwa, itapandwa. Mimi nachagua pale kila mara, na mzunguko wa maua nawaachia wenye bendera.

Baada ya hapo pima kimo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika Kiambatisho chake cha 14, limeweka nyuso za kufikirika hewani kuzunguka njia ya kurukia, na kitu hakiruhusiwi kuzitoboa. Uso unaokuhusu wewe huanzia ukingoni mwa ule ukanda wa usalama ulio pembeni mwa njia, halafu hupanda kuelekea nje. Kwenye njia ndefu hupanda mita 1 kwa kila mita 7. Kwenye zile fupi mara nyingi ni mita 1 kwa kila 5. Chukua ile kali zaidi: mahali palipo mita 21 kutoka ukingo wa ukanda, ardhi ikiwa tambarare, kitu kisizidi mita 3. Ukingo uko wapi usikisie, ramani wanayo wao. Kwa kawaida maegesho ya magari yako mbali vya kutosha na sanamu ya mita mbili na nusu haina shida. Kinachosahaulika ni mkono wa kreni siku ya kusimamisha, ambao ni mrefu kuliko sanamu yoyote ya mwanafunzi. Uliza pia kama kuna antena au mtambo wa kuongozea ndege karibu na hapo, maana rundo la chuma linaweza kuvuruga mawimbi yake. Ukiambiwa sogea, sogea.

Barua

Barua iandikwe na shule, isainiwe na hedimasta, iende kwa meneja wa kiwanja. Yeye ataipandisha kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda kule Entebbe, kwa hiyo jibu usilitarajie wiki hiyo hiyo. Aya za kukuza vipaji na kutangaza utamaduni zipunguze hadi ibaki sentensi moja. Anachohitaji msomaji wake ni hiki: mchoro wa kila sanamu kutoka pande mbili ukiwa na vipimo, uzito kwa kilo, imetengenezwa kwa vifaa gani, imefungwaje chini, ramani ya maegesho yenye alama ya mahali, picha ya kielelezo kidogo cha udongo, tarehe ya kuiweka, tarehe ya kuiondoa, na jina la mtu mzima mmoja wa kupigiwa simu.

Hilo la mwisho ndilo lililofungua mlango kwetu. “Mwalimu,” meneja aliniambia, “mambo ya sanaa mimi siyajui. Bati likilegea saa nane usiku, nampigia nani?” Niliandika namba yangu, na chini yake namba ya shemeji yangu, fundi wa kuchomelea, ambaye hakuwa ameulizwa. Akakubali baadaye, kwa chai.

Omba miezi 12, usiombe milele. Kitu kinachoondoka ni rahisi kukikubali, na mwaka ukiisha salama watakuomba wenyewe uongeze. Isitoshe, kazi ya mwanafunzi inayokaa miaka kumi bila mwenyewe, ambaye ameshamaliza shule na kwenda zake, huishia kuwa takataka yenye kutu ambayo hakuna anayethubutu kuitupa.

Polisi wa usalama wa kiwanja wapate nakala, na siku wakija kukagua mahali, sikiliza zaidi kuliko unavyosema. “Afande, hapa unaona tatizo gani?” ni swali linalookoa miezi. Andika jibu lake mbele yake. Ruhusa ya kupiga picha iombe ndani ya barua hiyo hiyo, ukitaja nani atapiga na kwa simu ipi, kwa sababu mwanafunzi atakayetoa simu na kuanza kupiga picha ovyo kiwanjani atakuletea mazungumzo marefu sana.

Kuhusu kalenda: huku kwetu mvua hushika tangu Aprili mpaka Novemba, na ukavu ni Desemba mpaka Machi. Muhula wa tatu una mitihani ya taifa, ile ya UNEB, na karakana inakuwa ya watahiniwa. Basi ziara, vielelezo na barua viwe muhula wa pili. Kuchomelea kuanze mwishoni mwa muhula huo, na kusimamisha kuwe Februari au Machi, ardhi ikiwa ngumu na lori halizami.

Makatazo, moja moja

Naanza na ndege wa manyoya. Kila Mganda anamjua kaloli, korongo yule mwenye upara anayekaa juu ya majalala. Anaweza kufika kilo 9, na rubani hataki kukutana naye. Kipande chochote kilicholala bapa juu ya kichwa cha mtu ni kiti chake. Kwa hiyo sehemu zote za juu ziinamishwe, mteremko uzidi nyuzi 45, au ziwe nyembamba zilizosimama wima. Msichana mmoja wa senia tatu, yaani kidato cha tatu, alikuwa na ngoma tatu, moja juu ya nyingine, na ngozi ya ile ya juu kabisa ilikuwa meza iliyokwisha andaliwa. Nilimwambia kaloli atakula hapo. Hakuondoa ngoma wala hakuongeza miiba. Alizilaza zikawa kama zinaporomoka kutoka garini, ya juu imeinama kabisa, ya chini imegota ardhini. Zile za mwanzo zilikuwa ngoma za onyesho. Hizi za pili zina safari ndani yake, na mahali penyewe ni pa safari. Ziba pia ncha zote za mabomba, la sivyo ndege wadogo watajaza nyasi na kutaga.

Maji yasituame popote. Kila kikombe kinachokinga mvua ni mbu, na watu wanangojea pale na watoto wachanga. Toboa tundu la milimita 10 mahali pa chini kabisa pa kila shimo, halafu mwaga maji kwa ndoo uone kama yanatoka. Usiamini macho.

Mng'ao. Vioo, sidii za zamani, vifuniko vya magurudumu vyenye kromu, chuma cha pua kilichosuguliwa: vyote hapana. Sisi tuko karibu na Ikweta. Jua huhama kutoka kusini kwenda kaskazini mwa kichwa chako ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo ule mwale usiomkera mtu mwezi wa Machi unaweza kumpiga rubani machoni mwezi wa Julai. Tumia rangi isiyong'aa. Taa ni hivyo hivyo: ama usiweke, ama ziwe ndogo, zimefunikwa juu, zinamulika chini tu. Taa za rangi zisiwepo kabisa, maana kiwanjani kila rangi ya taa ina maana yake.

Uvungu nimeshautaja. Kanuni tunayoifuata sasa ni kwamba umbo liwe limezibwa pande zote kwa kuchomelewa, au liwe wazi kiasi cha kumwona mtu aliye upande wa pili. Katikati ya hayo mawili ndimo mtu anapoweza kuficha kifurushi. Ule mgono una nafasi kati ya nondo na nondo, na kutokana na hiyo nafasi kuna mambo mawili. La kwanza ni uzuri: asubuhi kivuli chake kinalala juu ya murramu kama mkeka uliosukwa nusu, na watoto hurukaruka ndani ya vile vyumba vya kivuli. La pili ni hatari. Mtoto wa miaka mitatu akipitisha kiwiliwili mahali ambapo kichwa hakipiti, ananasa. Watu wa viwanja vya michezo ya watoto huzingatia kwamba nafasi iwe chini ya sentimita 9 au izidi sentimita 23. Sisi tuliweka 8. Kata kipande cha ubao cha kipimo hicho, ukipitishe kila mahali kabla ya kupaka rangi.

Vinavyoning'inia vyote viachwe: visoda vilivyofungwa kwa waya, vipande vya kaveera (mifuko ya plastiki), manyoya, kengele. Najua vinapendwa, na najua mwanafunzi atalalamika. Bado hapana.

Maumbo ya watu ni suala la nyumbani zaidi kuliko la kiwanja. Miongoni mwa wazazi wetu Waislamu, Wanubi na wengine, wapo wasiotaka mtoto wao achonge mtu, na sipendi kumweka mtoto kati ya mwalimu na baba yake. Ninachofanya ni kutoa mada isiyomlazimisha mtu: vyombo, mitego, mashua, mizigo, viti vya jadi. Anayetaka mtu, na kwao hakuna neno, namwonyesha picha ya Sanamu ya Uhuru ya Gregory Maloba iliyo Kampala tangu 1962. Mtoto ameinuliwa juu, mikono yake imekwenda juu, na aliyemwinua amefungwafungwa mwili mzima akawa nguzo moja. Hakuna kilichotokeza cha kung'oka. Angalia hilo kwanza, kisha uhuru tutauzungumza.

Silaha za aina yoyote usikubali, hata zikiwa zimekunjwa kuwa jembe. Watu wa kaskazini hawahitaji kuzikuta pale wanapompokea mgeni. Mwaka wa uchaguzi, kagua mpaka rangi. Sanamu yetu moja ya njano ilipakwa upya kijivu kabla haijatoka shuleni, na sitaeleza zaidi.

Chuma, saruji, mbao

Nondo za milimita 10 na 12, mabomba, engo laini na vyuma vya gereji ndivyo uti wa kazi yetu. Vyuma vya gereji nunua kwa risiti. Katika nchi ambayo vibao vya barabarani huibwa vikauzwe chakavu, shule isikutwe na kitu kisichojulikana kilikotoka. Kwa sababu hiyo hiyo sanamu isiwe na vipande vinavyofunguka kwa spana, maana utavikuta kwenye mizani ya mtu.

Pipa lililowahi kuwa na petroli au dizeli lisikatwe wala kuchomelewa na mwanafunzi, hata likinukia sabuni. Mvuke unaobaki kwenye mishono unatosha kulipua. Mabati yenye zinki yakichomelewa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku wake. Sugua zinki sentimita kadhaa kuzunguka kiungo, fanyeni kazi nje, upepo ukitoka mgongoni. Mwanafunzi apange, apinde, ashikize vipande kwa nukta za kuchomelea. Viungo vinavyobeba uzito achomelee fundi. Mafundi chuma wa Katwe kule Kampala watakuambia mtoto anajifunza kwa kushika. Kweli, na ashike, lakini siyo kiungo kitakachokuwa juu ya kichwa cha mtoto wa mwenzie.

Rangi ndiyo inayookoa chuma, na ndiyo inayofanywa kwa haraka hedimasta akishapanga siku ya uzinduzi. Brashi ya waya mpaka chuma kiwe kitupu, rangi ya kwanza ya oksaidi nyekundu mikono miwili, halafu rangi ya mafuta isiyong'aa. Paka na chini ya bamba la msingi kabla halijafungwa, kwa sababu huko hutarudi tena. Sehemu za kushikwa zipewe rangi nyepesi. Chuma cheusi saa nane mchana huku kwetu kinaunguza kiganja. Aluminiamu isigusane na chuma penye mvua, weka mpira katikati.

Kwa shule isiyo na mashine ya kuchomelea, chaguo langu ni wavu wa kuku juu ya mifupa ya nondo, unaokandikwa saruji moja kwa mchanga mbili. Ni kazi ya mikono mingi, yaani ni kazi ya darasa. Ifunikwe magunia mabichi wiki mbili. Ni nzito, haiibiki, haina mng'ao.

Mbao sizishauri. Mvule unastahimili, lakini ni adimu na ghali, na jua litaupasua tu. Ukilazimika, uweke juu ya kiatu cha chuma, usigusane na ardhi, vinginevyo mchwa watamaliza kazi kabla ya muhula.

Msingi

Hapa wanafunzi wa sanaa na wa fizikia wakae meza moja. Upepo wa kilomita 108 kwa saa, ambao ni dhoruba ya kweli, husukuma kila mita mraba kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 55 hivi. Chukua sanamu yenye uso wa mita mraba 2 unaopokea upepo: kilo 110. Katikati ya uso huo iko mita 1.5 juu ya ardhi, na msingi una kina cha mita 0.6, kwa hiyo mkono wa kuangusha ni mita 2.1. Zidisha, unapata 231.

Sasa msingi. Shimo la mita 1 kwa mita 1, kina mita 0.6, linachukua zege la mita za ujazo 0.6. Zege lina kilo 2,400 kwa kila mita ya ujazo, hivyo kuna kilo 1,440. Ili lipinduke lazima liinuke kuzunguka ukingo wake ulio nusu mita kutoka katikati: 1,440 mara 0.5 ni 720. Mia saba ishirini dhidi ya mia mbili thelathini na moja. Msingi una nguvu mara tatu, na bado hujahesabu uzito wa sanamu yenyewe. Ibandike hesabu hiyo kwenye barua. Injinia akiiona atakuuliza maswali mawili badala ya ishirini. Nondo zikiwa wazi kama za mgono, upepo unapita na hesabu inakuwa nyepesi zaidi, ila sisi huacha msingi ule ule.

Changanya moja kwa mbili kwa nne: saruji, mchanga, kokoto. Bolti nne za milimita 16 zisimamishwe ndani ya zege likiwa bichi, zikishikwa na ubao uliotobolewa sawasawa na bamba la sanamu. Toboa ubao na bamba kwa pamoja, moja juu ya lingine, maana bolti ikiwa imehama sentimita moja tu lori litageuza na mzigo wake. Mwagilia zege siku 7 angalau. Likifika siku 28 limekomaa.

Kisha radi. Nchi yetu inapigwa sana na radi. Mwaka 2011 wanafunzi 18 waliuawa pamoja na mwalimu wao katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Sanamu ya chuma iliyo wazi iunganishwe kwa waya mnene wa shaba na fimbo ya kutuliza umeme iliyopigiliwa ardhini, na fundi umeme aipime. Hilo halimfanyi mtu aliyeegemea sanamu kuwa salama wakati wa ngurumo, kwa hiyo waombe askari wa kiwanja wawaingize watu ndani mawingu yakianza. Wanafanya hivyo hata bila sanamu.

Siku ya kusimamisha

Pigia kiwanja siku moja kabla uulize ratiba ya ndege, na siku yenyewe uliza tena, kwa maana ratiba ya jana ni ya jana. Kreni tumeiacha kabisa. Tunatumia mabomba matatu ya chuma yaliyofungwa kileleni na winchi ya mnyororo, kimo hakizidi mita nne, na kifaa chote kinaingia kwenye lori dogo la Canter pamoja na sanamu. Sanamu isafirishwe imelala juu ya matairi ya zamani, imefungwa kwa kamba, siyo waya. Waya hukwangua rangi na hapo ndipo kutu itakapoanzia.

Wanafunzi wachache, wakubwa, wenye viatu vya kufunika vidole. Wengine waje siku ya uzinduzi. Ikishushwa juu ya bolti, tumia pimamaji pande mbili, rekebisha kwa nati za chini, kaza za juu, kisha shemeji apige nukta ya moto kwenye kila nati. Jaza saruji laini chini ya bamba, ukiacha njia ndogo ya maji kutoka.

Halafu kazi ambayo wanafunzi wangu huichukia na ambayo meneja huiangalia akiwa dirishani: kila mtu anapiga magoti, mstari mmoja, na kuokota. Vipande vya nondo, vichwa vya elektrodi, wosha, vipande vya waya, kila kitu. Buruta sumaku ya spika ya zamani juu ya murramu. Mara ya kwanza ilikuja imejaa kama nungunungu, na nusu ya misumari ile haikuwa hata yetu.

Uzinduzi uwe mfupi. Ndege ikitua katikati ya hotuba, hotuba imekwisha.

Jina la mwenye kazi

Kibao kiwe cha chuma, kimechomelewa, kimo cha kiuno, kimeinama ili mtoto na mzee wasome. Jina la kazi, jina la mwanafunzi kama mzazi amekubali kwa maandishi, shule, mwaka, vifaa. Sisi tunaandika Kiswahili, Kilugbara na Kiingereza, kila lugha mistari miwili. Majina ya wafadhili yaende kwenye kibao kingine, kidogo, nyuma.

Kabla ya lori kuondoka shuleni, saini karatasi ya ukurasa mmoja. Sanamu ni mali ya mwanafunzi, kiwanja kimeiazima tu. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 inazilinda sanamu kama inavyolinda maandishi, na haimuulizi mtunzi kama ni mwanafunzi. Hoteli moja ya mjini iliweka picha ya sanamu ya mwanafunzi wetu kwenye kalenda yake bila kuuliza. Ile karatasi ndiyo iliyomfanya mwenye hoteli alipe karo ya muhula bila kelele nyingi. Andikeni pia nani analipa gari likigonga, na kwamba kiwanja kinaweza kuamuru sanamu iondolewe mara moja kwa sababu za usalama. Kipengele hicho kinauma, lakini kiwekeni. Bila hicho hakuna saini.

Kutunza, na kuondoa

Mwanafunzi mmoja kwa zamu aende kila mwezi na daftari: nati, nyufa, kutu, viota, maji, kibao. Akiona kutu, asugue na kupaka siku hiyo hiyo. Baada ya kila dhoruba aende mtu mzima. Daftari likae kwa meneja, siyo shuleni, ili akiulizwa na wakubwa wake awe na kitu cha kufungua.

Miezi 12 ikiisha, kata zile nukta kwa grenda, ukiweka bati la kukinga cheche zisiruke kwenye nyasi kavu. Nati ikigoma, mwagia mafuta jioni, urudi asubuhi. Msingi usiuvunje kama kuna kazi nyingine inayokuja: paka bolti grisi, zifunike kwa kipande cha bomba kilichozibwa juu na kupakwa rangi nyeupe, mtu asijikwae gizani, na umpe mwanafunzi anayefuata ule ubao wenye matundu manne aanze kuchora kutokea hapo.